Motokaa ya Kale na Kazi ya Kila Siku

  Mazungumzo yetu ya leo yametoka katika swali tulilopelekewa na watu wa Kwakoa, katika nchi ya Upare. Swali lenyewe ni fupi: "Tunayo motokaa ya zamani, ingali yatembea. Je, yafaa tuitumie kwa kazi ya kila siku, au tuiweke kwa akiba, au tuiuze?"

Labda mtu wa mjini atasema kwamba swali hili si kubwa hata liletwe hapa. Sisi twaliona kuwa kubwa. Kwa mtu anayekaa Kwakoa, motokaa si pambo la uani. Ni njia ya mgonjwa kufika hospitali, ni njia ya gunia la mahindi kufika sokoni. Tena fedha zitakazonunua mafuta na spea ndizo zile zile ambazo zingenunua mbegu, bati la nyumba, na sare za watoto. Mwenye kukosea hesabu katika jambo hili hapati hasara ya motokaa peke yake.

NCHI YA KWAKOA NA KAZI YAKE

Kwa faida ya wale wasioijua nchi hiyo, tueleze kidogo. Kwakoa ni kata ya Wilaya ya Mwanga, katika Mkoa wa Kilimanjaro. Zamani Mwanga na Same zilikuwa wilaya moja, Wilaya ya Pare, hata zikagawanywa mwaka 1979. Barabara kuu ya lami itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita upande wa magharibi wa milima, kwa njia ya Same, Lembeni, Kisangara na Mwanga. Kwakoa iko upande wa pili. Nyuma yake imesimama milima ya Upare ya Kaskazini, yenye Usangi na Ugweno. Mbele yake nchi tambarare na kavu yashuka kuelekea ziwa Jipe na mpaka wa Kenya. Huko mashariki ndiko kuliko na Mkomazi, iliyofanywa hifadhi ya taifa.

Basi motokaa ya Kwakoa ina maadui wanne. Wa kwanza ni vumbi la kiangazi, liingialo kila mahali penye tundu. Wa pili ni jua, lichemshalo maji ya rejeta. Wa tatu ni tope la masika na la vuli. Wa nne ni mlima wenyewe, kwa yule apandaye kwenda Usangi na kuteremka tena akiwa na mzigo. Yeyote atoaye shauri juu ya motokaa bila kuwakumbuka maadui hawa wanne, shauri lake ni la kusomwa tu, si la kufuatwa.

KALE SI UBOVU

Hapana budi tuanze kwa kutenga maneno mawili ambayo watu huyachanganya, yaani kale na ubovu. Kuna motokaa ya miaka 40 iliyo nzima, na kuna motokaa ya miaka 6 iliyo mbovu. Umri ni hesabu ya miaka tu. Ubovu ni hesabu ya mambo yaliyoachwa bila kutengenezwa.

Katika milima ya Upare motokaa ya kale iliyo mashuhuri kuliko zote ni Land Rover. Tuangalie asili yake, maana katika asili yake mna jibu la nusu ya swali letu. Baada ya vita vikuu vya pili, huko Uingereza, Maurice Wilks, aliyekuwa mkuu wa mafundi wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na shambani humo alitumia jeep ya Kimarekani iliyobaki kutoka vitani. Akaona ya kuwa kampuni yake yaweza kuunda gari la namna ile kwa ajili ya wakulima. Kazi ikaanza mwaka 1947, na tarehe 30 Aprili 1948 gari likaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Amsterdam. Wakati ule chuma kilikuwa haba kwa sababu ya vita, kwa hiyo bodi yake ikafanywa kwa aluminiamu iliyochanganywa na madini mengine. Dhiki ile ikawa baraka, maana aluminiamu hailiwi na kutu kama chuma.

Aina nyingine zikafuata. Ile iitwayo Series III iliundwa tangu mwaka 1971 hata 1985; na zile zilizopewa jina la Defender mwaka 1990 ziliendelea kuundwa katika kiwanda cha Solihull hata tarehe 29 Januari 2016, siku ya mwisho. Kwa hiyo msikilizaji mwenye Land Rover ya namna hiyo ajue ya kuwa ana chombo ambacho hakiundwi tena. Hakuna mpya ya mfano ule ule itakayotoka kiwandani kuchukua mahali pake.

Tena tusisahau mafundisho ya miaka ya dhiki. Baada ya vita vya mwaka 1978 na 1979, nchi yetu ilipungukiwa sana na fedha za kigeni, na spea zikawa adimu kama mvua ya Agosti. Katika miaka ile mafundi wetu walijifunza kukata gasketi kwa karatasi ngumu, kuchonga bushi, na kuunga springi zilizokatika. Wengi wa vijana wanaoshika spana leo walifundishwa na wazee wa wakati ule. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na ukiona motokaa ya mwaka 1975 ingali yapanda mlima, jua kwamba ziko nyuma yake fikira na jasho la watu wengi.

FAIDA ZA MOTOKAA YA KALE

Sasa tuseme faida, kisha tutasema hasara, ili mizani ipate kusimama sawasawa.

Faida ya kwanza ni kwamba mitambo yake yaonekana kwa macho. Katika motokaa za siku hizi kazi nyingi huamriwa na kompyuta. Waya mmoja mdogo ukikatika, au kifaa kidogo cha kupima joto kikiharibika, motokaa husimama kabisa, na fundi wa kijijini hawezi kujua sababu asipokuwa na chombo cha kuisoma kompyuta ile. Motokaa ya kale haina siri hiyo. Injini ya dizeli ya zamani yahitaji mafuta safi, hewa safi, na mgandamizo wa kutosha. Hata betri ikifa, watu wanne wakiisukuma kwenye mteremko itawaka.

Faida ya pili, imeinuka juu ya ardhi, nayo husukumwa na magurudumu yote manne. Mtu aliyenunua motokaa ndogo ya kisasa kwa kuwa inakula mafuta kidogo, akaiingiza katika tope la Aprili, atayarudisha mafuta yale kwa kulipa watu wa kuisukuma.

Faida ya tatu, ikiwa motokaa ni yako tayari, hukopi fedha ili kuinunua nyingine. Neno hili ni kubwa. Mkopo una tarehe zake, na tarehe hazingoji mavuno.

Watu wengine huongeza faida ya nne, yaani sifa, wakitaja ushindi wa magari ya kale katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Ni kweli kwamba mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, pamoja na Jaswant ndugu yake, alishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Ni kweli pia kwamba mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania walishinda kwa Peugeot 404. Lakini tuufahamu vizuri ushindi ule wa 1965. Joginder Singh alikuwa fundi kabla hajawa bingwa. Aliijua motokaa yake kama mkulima ajuavyo shamba lake. Tena mashindano huisha kwa siku chache, na baada yake motokaa hupelekwa karakana. Kazi ya kila siku haina mwisho wala haina shangwe. Mtu asichukue sifa ya siku chache akaifanya kipimo cha kazi ya miaka.

HASARA ZAKE

Hasara ya kwanza ni mafuta. Wanafunzi, chukueni kalamu tufanye hesabu pamoja. Tuseme mtu anakwenda kilomita 40 kwa siku, kwa siku 25 za mwezi. Jumla ni kilomita 1,000. Land Rover ya kale ya petroli, katika njia mbaya, yaweza kwenda kilomita 6 kwa lita moja; basi kwa mwezi itakunywa lita 167 hivi. Ile ya dizeli yaweza kwenda kilomita 9 kwa lita. Itakunywa lita 111. Motokaa ndogo ya kisasa yaweza kwenda kilomita 13 kwa lita. Itakunywa lita 77. Kati ya ile ya kwanza na hii ya mwisho tofauti ni lita 90 kwa mwezi, yaani lita 1,080 kwa mwaka. Hayo ni zaidi ya mapipa matano ya lita 200. Kila mmoja azidishe kwa bei ya kituo chake, aone mwenyewe. Bandu bandu huisha gogo.

Hasara ya pili yahusu petroli yenyewe. Injini nyingi za zamani ziliundwa wakati petroli ilipotiwa risasi, na risasi ile ilizilinda valvu zisichimbe vikalio vyake. Lakini risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Kwa hiyo mwaka 2001 nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuiondoa, na hata kufika mwanzo wa mwaka 2006 ilikuwa imeondolewa. Jambo hilo lilikuwa jema kwa watoto wetu. Walakini mwenye injini ya kale ya petroli yampasa amwulize fundi kama vikalio vya valvu vimekwisha kubadilishwa kwa vile vya chuma kigumu. Kama havijabadilishwa, kazi nzito ya kila siku itavila polepole, na nguvu za injini zitapungua hata mlima ushindikane. Wenye dizeli hawana taabu hii.

Hasara ya tatu ni breki, na hapa twaomba mtusikilize kwa makini. Land Rover nyingi za zamani zina breki za ngoma katika magurudumu yote, na mafuta ya breki hupita katika njia moja tu. Maana yake, bomba moja likipasuka, breki za miguu yote minne hupotea kwa pamoja. Tena ngoma zikikanyagwa muda mrefu katika mteremko hupata moto, na zikipata moto hazishiki. Na mafuta ya breki, yakikaa miaka, hunywa maji kutoka hewani. Yakichemka, kanyagio huenda chini bila nguvu. Mtu ateremkaye kutoka Usangi na abiria kumi nyuma, naye hajabadili mafuta ya breki tangu alipoinunua motokaa, amewachukua watu kumi juu ya neno asilolijua.

Hasara ya nne ni usalama wa wanaokaa ndani. Mkanda wa kiti wenye ncha tatu, tunaoujua leo, ulianza kutiwa katika motokaa za Volvo mwaka 1959, nao umeokoa maisha ya watu wasiohesabika. Lakini katika magari mengi ya kale, wale wanaokaa nyuma juu ya mabenchi yanayotazamana hawana mkanda wo wote. Motokaa ikipinduka, bodi ya aluminiamu haiwakingi. Hatusemi haya ili kuwatisha watu; twasema kwa sababu wanaopakiwa nyuma mara nyingi ni watoto wa shule, nao hawakuulizwa.

Hasara ya tano imefichwa chini. Tumesema kwamba bodi hailiwi na kutu. Lakini fremu iliyoibeba bodi ni ya chuma, nayo hulika kwa ndani huku nje yang'aa kwa rangi. Mnunuzi alale chini na nyundo ndogo, agonge fremu toka mbele hata nyuma. Ikilia kama kengele, ni nzima. Ikitoa sauti ya debe lililojaa mchanga, ainuke, ajipanguse vumbi, na kuaga kwa heshima.

HABARI YA UKOO MMOJA

Shauri lisilo na mfano ni kama chakula kisicho na chumvi. Basi tutataja habari ya ukoo mmoja wa Kwakoa ambao waliniaga kwetu kutaka shauri. Majina yao tutayaacha, kwa kuwa mambo ya nyumba ni ya nyumba.

Mzee wao alipofariki aliacha Land Rover ndefu ya dizeli. Watoto wake ni watatu. Mkubwa ni mkulima, amekaa nyumbani. Wa pili ni dada yao, mwuguzi huko Moshi. Wa tatu yuko Dar es Salaam kazini. Mkubwa alitaka motokaa ifanye kazi kila siku: asubuhi ipeleke wanafunzi, mchana ichukue mizigo, na usiku iwe tayari kwa wagonjwa. Mdogo akasema, "Kaka, tuiuze sasa ingali na bei. Fedha zake zitatununulia pikipiki mbili, na nyingine zitabaki." Mkubwa akajibu kwamba kuiuza motokaa ya baba ni kama kuuza kiti chake. Maneno yakawa makali, na kwa muda wa mwezi mzima ndugu hawa hawakupigiana simu.

Ndipo dada yao akawauliza neno moja: "Kaka zangu, asubuhi ngapi inawaka?" Hakuna aliyeweza kujibu. Kila mmoja alikuwa na mapenzi yake au hofu yake, lakini hakuna aliyekuwa na hesabu.

Wakanunua daftari. Kwa siku 90 mkubwa akaandika kila alfajiri kama motokaa imewaka yenyewe, imesukumwa, au imekataa. Akaandika na mafuta yaliyotiwa, na kila shilingi ya fundi. Mwisho wa siku zile daftari likaonyesha kwamba siku 8 ilikataa kabisa. Katika hizo nane, mara moja ilikuwa usiku wa manane, na aliyengojwa ni mama wa jirani mwenye uchungu wa kuzaa. Walimchukua kwa pikipiki, mume wake ameketi nyuma akimshika asianguke. Mungu alijalia, akajifungua salama. Lakini kila aliyekuwako usiku ule anakumbuka jinsi ilivyokuwa.

Nane katika tisini ni kama siku moja katika kila siku kumi na moja. Tazameni sasa jinsi hesabu moja inavyoweza kuwa na maana mbili. Kwa mtu wa kupeleka vitunguu sokoni, siku moja katika kumi na moja ni hasara ya kuvumilika; atapeleka kesho. Kwa mgonjwa, hakuna kesho. Basi swali la kwamba motokaa ni ya kutumainiwa au si ya kutumainiwa halijibiwi bila kuuliza kwanza: ya kutumainiwa kwa kazi gani?

Kisha fundi akaitwa, akasoma sababu za siku zile nane. Tano zilitokana na betri iliyochoka na nyaya za stata zilizolegea. Mbili, hewa ilikuwa ikiingia katika bomba la dizeli lililopasuka kidogo. Moja, mpira wa rejeta ulipasuka. Hapakuwa hata sababu moja iliyotoka ndani ya injini. Uzee ulikuwa umeshtakiwa kwa makosa ya uzembe. Vitu vile vikabadilishwa, na katika siku 90 zilizofuata motokaa ilikataa mara moja tu.

Je, basi mkubwa alishinda? Si kabisa. Dada yao alisema, "Kaka, kuwaka ni jambo moja, na kusimama ni jambo la pili," akakataa watoto wa shule wapakiwe nyuma bila mikanda na kwa breki zenye njia moja. Tena mtu achukuaye abiria kwa nauli yampasa apate leseni ya usafirishaji kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, na bima ya namna hiyo. Bima ya motokaa ya nyumbani haitoshi. Mwisho wakapatana hivi: motokaa ichukue mizigo siku za soko, ikae tayari kwa wagonjwa, isipeleke wanafunzi. Kwa kila safari ya mzigo fedha kidogo huwekwa katika kibweta cha spea. Na mwaka ukiisha daftari litafunguliwa mbele ya wote watatu. Mdogo bado anaona kwamba ingefaa kuuza, na labda daftari litampa haki. Lakini sasa wanabishana juu ya tarakimu, wala hawabishani juu ya baba yao.

MASWALI MANNE

Kutokana na habari hiyo na mengine tuliyoyasema, twatoa maswali manne kwa kila mwenye motokaa ya kale. Ayajibu kwa kalamu, si kwa mdomo.

Swali la kwanza: kazi yenyewe ni nini, na kukosa siku moja kutamdhuru nani? Kama kukosa kutamdhuru mgonjwa au mtoto, iwepo njia ya pili iliyokwisha kupangwa, kama pikipiki au namba ya simu ya jirani mwenye motokaa nyingine.

Swali la pili: fundi yuko wapi, na spea ziko wapi? Motokaa ambayo spea zake zinauzwa Moshi au Arusha ni motokaa. Motokaa ambayo spea zake hungojwa kutoka Ulaya kwa miezi mitatu ni kumbukumbu. Usinunue motokaa ngeni isiyo na ndugu zake katika wilaya, hata ikiwa nzuri namna gani, maana siku itakapougua haitakuwa na wa kuiazima damu.

Swali la tatu: fedha za mwezi ni ngapi, pamoja na mafuta, fundi, matairi, bima, na akiba? Mali bila daftari hupotea bila habari. Kama jumla yake yazidi nauli ambayo ungelipa kwa gari la abiria na kodi ya kukodi gari la mzigo mara chache kwa mwezi, basi motokaa yako haikutumikii. Wewe ndiwe unayeitumikia.

Swali la nne: je, yaweza kusimama? Mabomba ya breki yapya, mafuta ya breki yaliyobadilishwa kila miaka miwili, usukani usiotikisika, taa zinazowaka zote, na mkanda kwa kila anayekaa mbele. Asiyeweza kuyatimiza haya asiichukue barabarani hata siku moja, sembuse kila siku.

Anayejibu vema maswali yote manne, twamwambia bila hofu: itumie. Tena motokaa ya kale yapenda kazi ya kadiri kuliko kukaa tu. Ikikaa miezi, mipira hukauka, mafuta huharibika, na panya hufanya makao katika nyaya. Anayeshindwa swali moja, airekebishe kwanza. Anayeshindwa mawili au zaidi, aiweke kwa kazi ya mara chache, au aiuze.

Na mwenye kuuza asiuze kwa haraka. Katika nchi za ng'ambo wako watu wanaokusanya magari ya kale kwa mapenzi tu. Marekani huruhusu gari lililotimiza miaka 25 liingizwe hata kama halifuati sheria zao za usalama, na Uingereza gari la zaidi ya miaka 40, lisipobadilishwa sana, halilazimishwi kupimwa kila mwaka. Kwa hiyo bei ya huko si bei ya chuma chakavu, na mchuuzi apitaye vijijini aweza kulijua hilo kabla yako. Lakini kumbukeni pia kwamba watu wale aghalabu wana motokaa nyingine ya kwendea kazini. Wao huendesha ya kale Jumapili, jua likiwaka. Shauri lao ni jema kwao. Hali yetu si hali yao.

UANGALIZI WA KILA SIKU

Tuseme neno juu ya uangalizi, kwa wale walioamua kuitumia. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, tazama maji, oili, mafuta ya breki, na matairi. Katika kiangazi cha Kwakoa fungua chujio la hewa mara kwa mara. Zile za kale zenye bakuli la oili hujaa matope, na injini inayovuta vumbi huisha kabla ya wakati wake. Oili ya injini ibadilishwe kila kilomita 5,000, na mapema zaidi wakati wa vumbi. Grisi itiwe penye viungo vyote. Katika mteremko, ingiza gia ya chini kabla hujaanza kushuka, injini ikushikilie. Breki ziwe za kusaidia, zisiwe tumaini la pekee.

Wapare hawana haja ya kufundishwa na mgeni maana ya uangalizi. Babu zetu walichimba ndiva katika milima hii, wakakusanya maji usiku ili kunywesha mashamba mchana. Ndiva nyingine zimedumu vizazi vingi. Hazikudumu kwa kuwa udongo wake ni wa ajabu, bali kwa kuwa watu waliitana kwa zamu kuzoa matope na kuziba nyufa. Pale walipoacha kuitana, matope yalijaa, na mfereji ukakauka. Wala hakuna aliyesema kwamba ndiva imekufa kwa uzee. Na watu wa ukoo wa Washana, wafua chuma mashuhuri wa Upare, waliijua kanuni iyo hiyo: jembe lililolika hurudishwa motoni, hupigwa, hurudi shambani.

Ndugu wasikilizaji, wakati wetu umekwisha. Hatukuwaambia ya kuwa kila motokaa ya kale ni dhahabu, wala ya kuwa kila mpya ni ya kukimbiliwa. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwenye motokaa na anunue daftari la kurasa chache, aanze kuandika kesho alfajiri. Baada ya miezi mitatu hatakuwa na haja ya kutuuliza sisi. Na ninyi wanafunzi, kama baba au mjomba ana motokaa, mwombeni kazi ya kuliandika daftari hilo. Ni hesabu yenye faida kuliko nyingi za ubaoni.